Mume wangu alikataa kukata kilo, sasa nyumba yetu ndiyo inakatwa

Mama Mshauri, jambo sana.

Mimi ni mama wa watoto 4, tunakaa Katuba, hapa Lubumbashi. Nimefunga ndoa kanisani miaka 13 iliyopita. Mume wangu si mlevi, hanipigi, hana nyumba ya pili. Nayasema hayo mapema kwa sababu kila nikifungua kinywa kulalamika, watu wananikatiza: "Mama, una bahati, unajua waume za wenzako?" Najua. Ndiyo maana nakuandikia wewe, sina tena wa kumwambia.

Kwa miaka 6 mume wangu alikuwa mpimaji kwenye depo moja ya madini, njia ya Likasi. Wachimbaji wanaleta mifuko, yeye anaiweka juu ya mizani na kusoma kilo, mwenzake anashika ile mashine ya mkononi wanayoiita metoreksi na kusoma asilimia ya shaba, patro, mwenye depo, analipa. Anayekaa huku anajua namna kazi ile inavyofanyika. Mfuko wa kilo 80 unasomwa 65. Halafu wanakata kilo za maji, hata mwezi wa nane, wakati mawe yamekauka mpaka yanatoa vumbi. Mume wangu alisoma kama alivyoagizwa. Tukala, tukalipa shule, tukaezeka nyumba mabati.

Mwaka jana, wakati wa Kwaresima, alienda mafungo ya siku 3 na kundi la sala la parokia. Akarudi mtu mwingine. Jumatatu akasoma kilo 80 kwa kilo 80. Jumanne vilevile. Wachimbaji wakaanza kujipanga kwenye mizani yake, mizani ya pili ikabaki tupu. Patro akamwita. Mara ya kwanza alimwonya kwa kucheka: "Wewe padri, umekuja kusoma misa hapa?" Mara ya pili hakucheka. Mwezi wa sita akaambiwa kazi imekwisha. Alirudi saa 5 asubuhi, kaye yake, lile daftari la hesabu, ndani ya mfuko wa plastiki, akakaa kwenye kiti uani mpaka giza likaingia.

Siku ile sikumlaumu. Nilimpikia bukari na ndakala, ugali na dagaa, nikamwambia Mungu anaona.

Sasa anapakua mifuko ya unga kwenye magari yanayotoka Kasumbalesa, mpakani. Siku yenye magari mengi anarudi na kitu cha kununua mboga, siku nyingine anarudi na unga mabegani tu. Mtoto wetu wa kwanza, yuko sekondari, amerudishwa nyumbani mara mbili kwa ajili ya minervali, ada ya shule. Mimi nauza unga kwa meka, kopo la kupimia, mbele ya lupango, uwanja wa nyumba yetu.

Kanisani amekuwa mtu mkubwa. Amesimamishwa mara 3 atoe ushuhuda. Padri alimfananisha na mwenyeheri Floribert Bwana Chui wa Goma. Watu walipiga makofi, mama mmoja akalia. Mimi nilikuwa nimekaa palepale, nimevaa kitenge cha kuazima kwa jirani. Hakuna aliyeniuliza tulikula nini jana yake.

Lakini kilichonifanya nikuandikie ni ile kaye. Mume wangu alikuwa anaandika kilo mara mbili: za kweli upande huu, za patro upande ule. Sasa usiku anakaa na taa ya simu, anahesabu nani alipunjwa ngapi, na ameanza kuwarudishia. Mwezi wa kwanza alimpa mzee mmoja dola 10. Sikupenda, nikanyamaza. Mwezi wa pili ikafika zamu yangu ya likelemba, ule mchango wa kupokezana, dola 180. Nilikuwa nimezipangia: minervali, na mifuko ya unga ya kuongeza biashara. Niliziweka ndani ya kopo la maziwa chini ya kitanda. Alizichukua zote, akampa mjane wa mchimbaji aliyefukiwa na udongo. Akaniambia baada ya kutoa. Akasema: "Zilikuwa za yule mama tangu zamani. Sisi tulizishika tu."

Nakuambia na dhambi yangu, usije ukasema nimeificha. Wiki 2 baadaye nilipeleka meka yangu kwa fundi wa mabati, akaipiga kitako kikaingia ndani. Kwa macho huoni kitu. Kila mfuko sasa unanitolea meka moja zaidi, na hiyo moja ndiyo inanunua lengalenga na mafuta. Jumapili iliyopita mume wangu alikuja kunisaidia kupimia wateja. Akatia mkono ndani ya meka, akapapasa kitako. Mpimaji ni mpimaji. Hakusema neno. Aliigeuza kifudifudi juu ya mfuko, akanawa mikono, akaenda misa. Tangu siku ile tunasemezana kwa ajili ya watoto tu.

Mama, mtakatifu anaishi nyumbani kwangu, na anayelipa ni mimi. Nimwombe aache? Au mimi ndiye sina imani?

Mke wa Mpimaji, Katuba

*

Mama, jambo.

Naanza na swali lako la mwisho. Imani unayo. Asiye na imani hakai chini kumweleza mtu asiyemjua habari za kitako cha meka yake.

Mambo ya nyumba yako yamefungwa pamoja kama chikwanga, mkate wa muhogo ndani ya jani, na mkiendelea kuyala na jani lake mtakabwa wote wawili. Hebu tulifungue.

Kilo za depo kwanza, na hapo sitakaa sana. Usimwombe arudi alikotoka. Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, na haikuweka kando mizani za madini. Kilo 15 kwenye kila mfuko ni mgongo wa mtu aliyeshuka shimoni kwa kamba, na wewe umeniandikia kwamba mmoja wao alifukiwa. Mume wako aliona jambo hilo, akaacha. Na wewe siku ile ulisonga bukari, ukaandaa ndakala, hukumlaumu. Huo nao ulikuwa ushuhuda, tena wa mwaka mzima, ila hakuna aliyekupa maikrofoni.

Sasa lile kopo la maziwa. Mama, hapa nitasema kwa sauti, na barua hii mpe aisome mwenyewe: dola 180 za likelemba hazikuwa za mume wako. Zilikuwa zako na za watoto, ulizitoa kidogo kidogo kwenye unga, wiki kwa wiki, na wenzako wa likelemba ni mashahidi. Alizichukua bila kuuliza. Mtu aliyeacha kukata kilo za wachimbaji amekukata wewe, na hakuandika kwenye kaye.

Najua atanijibu kwa Zakayo, yule mtoza ushuru aliyeahidi kuwarudishia aliowadhulumu. Wanaume wa vikundi vya sala wanampenda sana Zakayo. Basi wafungue Luka 19 wasome polepole: mtu yule alisimama akasema nusu ya mali *yangu*. Hakuingia chumbani kwa mkewe. Na kuna jambo la pili ambalo mume wako, mwenye hesabu kuliko mimi, amelipita. Zile kilo zilizokatwa miaka 6 ziliingia wapi? Kwa patro. Mume wako alipata mshahara. Alikuwa mkono, na mkono una hatia yake, sibishi, ndiyo maana kuna kitubio na ndiyo maana kuna malipizi. Lakini kaye yote ile si deni lake. Anajaribu kulipa deni la tajiri kwa pesa ya muuza unga. Hata akipakua magari ya Kasumbalesa mpaka Yesu arudi, hatamaliza, na sidhani kama Mungu ndiye aliyempa hesabu ile.

Aende kwa padri, si kwa ajili ya ushuhuda safari hii, amwulize: malipizi yangu ni kiasi gani, na nianze na nani? Padri mwenye akili atampa kitu ambacho mtu maskini anaweza kukibeba. Pengine ni kumsaidia yule mjane kubeba mizigo siku moja kwa mwezi. Pengine ni kumwonyesha mchimbaji ile kaye ili ajue kilo zake za kweli. Siku ambapo ni pesa, iwe kiasi mlichokubaliana wawili, mezani, mchana.

Padri wenu amemfananisha na Floribert Bwana Chui. Mfano ni mzuri, ila umekatwa nusu, padri anisamehe. Yule kijana wa Goma alikuwa mkaguzi wa bidhaa zinazoingia nchini. Walimletea pesa ili chakula kilichooza kipite kiende sokoni, akakataa, wakamteka na kumwua mwezi wa saba mwaka 2007, akiwa na miaka 26. Papa Fransisko aliwatajia vijana jina lake Kinshasa tarehe 2 mwezi wa pili 2023, na tarehe 15 mwezi wa sita 2025 Floribert akatangazwa mwenyeheri kule Roma. Hayo kila mtu anayahubiri. Wanachokiruka ni viwili. Kwanza, hakuwa na mke wala watoto. Pili, hakukaa peke yake na jambo lile: alimpigia simu mtawa mmoja, daktari, akamwuliza chakula kile kingewafanya nini watu wakikila, akamweleza na pesa alizoahidiwa. Aliuliza, Mama. Alikuwa na mtu wa kuongea naye kabla gharama haijafika. Mume wako anaye pia, analala upande wa pili wa kitanda.

Mimi nimelelewa na bibi aliyekuwa wa Jamaa, lile kundi la Kikatoliki. Sijui kama huko Katuba wapo bado wanaokumbuka. Lilianza Musonoi, kambi ya wachimbaji ya Kolwezi, mwaka 1953, na padri Placide Tempels, na baadaye maaskofu waliligombeza kwa sababu zao. Lakini jambo moja bibi hakulisahau mpaka kufa: baba hakuingia Jamaa peke yake. Waliingia mtu na mke wake, na kabla ya kufundishwa habari za Mungu walifundishwa kuambiana mawazo. *Uzima, uzazi, mapendo*, bibi alikuwa anayataja hayo matatu huku anachambua sombe. Babu akitaka kutoa hata kuku, ilibidi kwanza amwambie bibi wazo lake, na bibi alikuwa na haki ya kusema wazo lake pia. Mara nyingi kuku alibaki. Mume wako alienda mafungo siku 3 akarudi na Mungu, na wewe ulibaki nyumbani na watoto. Kama parokia itafanya tena, muende wote wawili, hata ikiwa ni Jumamosi moja tu, na jumuiya yenu itoe mtu wa kukaa na watoto.

Na jumuiya, nimeikumbuka. Waliopiga makofi mara 3 wanaweza kuleta unga mara moja. Usione haya. Mkutano ujao wa jumuiya usiende kukaa nyuma, simama uwaambie: mtoto amerudishwa mara mbili, minervali ni kiasi hiki, tumekwama. Watu wetu si wabaya. Wanamwona mtu anatoa ushuhuda amevaa shati lililopigwa pasi, wanadhani tumbo nalo limeshashughulikiwa.

Kuna pesa nyingine ambayo hakuna kati yenu aliyeitaja. Mume wako alifukuzwa kwa neno la mdomo baada ya miaka 6. Kanuni ya Kazi ya mwaka 2002 inasema patro akimwachisha mtu wa mkataba usio na kikomo anampa preavi, taarifa ya mapema: siku 14 za kazi, na juu yake siku 7 kwa kila mwaka mzima aliotumika. Fanya hesabu, kwa miaka 6 ni siku 56 za kazi, ziwe za kufanya kazi au za kulipwa. Patro atasema hakukuwa na karatasi. Kukosa karatasi hakumsaidii: sheria inauchukulia mkataba usioandikwa kuwa ni wa muda usio na kikomo mpaka ithibitishwe vingine. Tena sababu ya kumfukuza lazima iwe ya haki, na kusoma mizani sawasawa haijawa kosa. Aende Inspection du Travail, ofisi ya ukaguzi wa kazi, na ile kaye yake, na jina la mwenzake mmoja atakayekubali kusema. Anaweza kupata, anaweza kuzungushwa, hii ni Lubumbashi. Lakini pesa yake iko upande ule, si chini ya kitanda chako. Najua watu wa sala wanasita kudai, wanaona kudai ni kukosa upole. Yule mjane wa 2 Wafalme 4 alienda kwa Elisha akadai kwa kelele: mume wangu alimcha Bwana, amekufa, na mdai amekuja kuwachukua wanangu wawili. Mtu mcha Mungu, na watoto wake ndio wanaolipa! Biblia imeijua nyumba yako kabla hujazaliwa. Na Elisha hakumwambia avumilie. Alimwuliza una kitu gani nyumbani.

Kwa wale watoto wadogo: kama wako kwenye shule ya binafsi, wahamishe. Msingi wa serikali ni bure tangu 2019, na shule nyingi za kanisa katoliki ziko ndani ya mpango huo. Utabaki na minervali ya mmoja.

Umeniuliza nini tena? Hukuniuliza habari za meka, umenikiri tu. Lakini najua unangoja.

Mama, inyoshe. Sikugombezi. Nilipokuwa mtoto, siku ya posho pale kambini kwetu, mama yangu alikuwa anarudi na mfuko wa unga kichwani, na kabla hajautua alikuwa anatutuma tulete meka yake apime upya. Midomo yake ilikuwa inahesabu bila sauti. Ikikosekana moja, tulijua wiki itaisha Alhamisi. Anayekuja kwako na franka zilizofungwa kwenye ncha ya kitenge ni mama yule. Ana sufuria moja ya kujaza na amehesabu njia nzima. Wewe na patro wa njia ya Likasi mnafanya kazi moja, tofauti ni ukubwa wa mfuko. Kama faida haitoshi, ongeza bei waziwazi, au uza nusu meka kwa bei ya juu kidogo kwa wasio na pesa ya meka nzima. Watanung'unika, watanunua.

Na mume wako aliigeuza ile meka akanawa mikono akaenda misa. Pilato naye alinawa. Alijua kwa nini kitako kimeingia ndani, kwa sababu yeye ndiye aliyelimaliza kopo la maziwa. Alipaswa kukaa pale, juu ya ule mfuko, misa iwapite wote wawili kama ni lazima, akuulize. Yesu mwenyewe alisema anayetaka kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama. Kwenu hakuna aliyeketi. Mmoja anahesabu usiku kwa taa ya simu, mwingine anahesabu mchana mbele ya lupango, na hesabu hazijawahi kukutana.

Basi fanya hivi. Usiku mmoja watoto wakishalala, weka mezani vitu 3: kaye yake, kopo la maziwa tupu, na meka. Usianze kwa kulia wala kwa Biblia. Mwambie: "Hii yako, hii yangu, na hii nimeiharibu mimi. Tuhesabu." Mwache ashike kalamu yeye, ni mpimaji, mkono wake unajua. Upande mmoja aandike kinachoingia, upande mwingine nyumba inachokula, na deni la watu likae chini kabisa, baada ya chakula na shule. Akikataa kukaa, mpelekee padri barua hii. Akikaa, nadhani utamwona yule uliyempikia ndakala.

Asubuhi, kabla wateja hawajaja, peleka meka kwa fundi yuleyule. Kunyosha kitako si kazi ya dakika 5. Umwambie tu asigonge sana palipokunjika, bati la meka likitoboka unga utavuja, na hiyo nayo ni kilo.